Marehemu Wote, Bila Kuchagua

Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Novemba, Burundi nzima hupumzika. Ofisi na shule hufungwa, na Wakatoliki huenda misani kuadhimisha Sikukuu ya Watakatifu Wote. Kesho yake kazi huanza tena, lakini kanisani hufanyika ibada ya kuwaombea Marehemu Wote. Siku ya kwanza ni ya shangwe; ya pili ni ya kumbukumbu. Katika mitaa ya Kinama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, ile ya pili ndiyo iliyo nzito zaidi, kwa maana ni nyumba chache mno huko zisizokuwa na jina la kuombea.

Aghalabu wazazi hudhani kwamba kuwafundisha watoto imani ni kazi ya padri na katekista. Nyumbani, wao huona, kazi yao ni kuhakikisha nguo zimefuliwa, viatu vimepakwa rangi, na wali umechukua nafasi ya ugali na maharage ya kila siku. Hapana ubaya katika hayo. Sikukuu isiyo na chakula chake huwasikitisha watoto. Lakini mtoto hajifunzi kwa kula tu. Humtazama baba na mama, husikiliza wanayosema na, zaidi ya hayo, husikiliza wanayonyamazia.

Iko desturi katika parokia nyingi ya kuandika majina ya wafu wa familia katika karatasi na kuipeleka kanisani ili waombewe. Kazi hiyo ya kuandika hupewa mtoto mwenye mwandiko mzuri. Ni kazi ndogo, nayo haidumu zaidi ya robo saa. Hata hivyo, katika robo saa hiyo mtoto aweza kujifunza mengi kuliko katika mwezi mzima wa mafundisho.

Chukua mfano wa nyumba moja, ambayo kwa Kinama yaweza kuwa nyumba nyingi. Baba ni fundi cherehani. Mama huuza dagaa sokoni. Jioni ya tarehe 31 Oktoba, baada ya chakula, binti yao wa darasa la sita alichana karatasi ya daftari akakaa karibu na taa, na baba akamtajia majina. Alianza na babu, kisha bibi, kisha mtoto mchanga aliyechukuliwa na malaria, na mwisho mdogo wake mwenyewe, aliyeingia msituni akafa vitani mwaka 2001. Binti aliandika yote, halafu akainua kichwa.

“Baba, na mjomba je?”

Mjomba huyo, kaka yake mama, alikuwa askari wa jeshi la serikali. Naye alikufa mwaka ule ule, katika mapigano yale yale.

“Mjomba wako ataandikwa na watu wa kwao,” baba alijibu.

“Lakini mama alisema kwao hakubaki mtu.”

Baba hakusema neno. Mama, aliyekuwa akiosha sufuria mlangoni, aliendelea kuisugua sufuria ambayo ilikwisha takata.

Ili kuelewa ukimya wa nyumba hiyo, yafaa kukumbuka yaliyoupata mtaa wenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, siku kumi na moja tu kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Katikati ya miaka ya 1990 watu wa Kinama na wa Kamenge waliyahama makazi yao. Makubaliano ya Arusha yalitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, lakini kundi la FNL halikuwamo. Mwishoni mwa Februari 2001 wapiganaji wake waliingia Kinama, na kwa muda wa takriban wiki mbili mtaa ule ukawa uwanja wa vita. Maelfu walikimbia na magodoro vichwani. Waliporudi, wengine walikuta kuta bila mabati. Kundi hilo liliweka silaha chini mwaka 2009.

Mabati yaliezekwa upya. Majina ndiyo yaliyobaki bila kurudishwa mahali pake. Nyumba hii iliwakumbuka wafu wake, nyumba ya pili ikawakumbuka wa kwake. Na ndani ya nyumba zile ambamo ndoa iliunganisha pande mbili, jina moja lilitajwa kwa sauti, jingine likatajwa moyoni, usiku, chini ya shuka.

Hapo ndipo neno dogo katika jina la ibada hii linapodai haki yake. Kanisa halikuiita siku ya marehemu wetu, wala ya marehemu wema. Limeiita siku ya Marehemu Wote. Abate Odilo wa Cluny, huko Ufaransa, ndiye aliyeipanga tarehe 2 Novemba kwa ajili ya watawa wake, mwishoni mwa karne ya kumi, na toka hapo desturi ikaenea. Lakini sala kwa ajili ya wafu ni ya kale zaidi, na wasomaji walio askari watapendezwa kujua kwamba mojawapo ya habari zake za kale inatoka vitani.

Habari hiyo imo katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambacho Wakatoliki hukihesabu katika Biblia. Baada ya vita, Yuda Makabayo na watu wake walikwenda kuwazika wenzao walioanguka. Chini ya nguo za kila maiti walikuta hirizi za sanamu, vitu ambavyo sheria yao iliwakataza. Kwa hiyo ikajulikana wazi kwamba wale hawakuwa watu wasio na kosa. Yuda angeweza kuwaacha wazikwe kimya kimya. Badala yake, aliwachangisha askari drakma elfu mbili za fedha, akazipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili yao. Askari wale walichanga kwa ajili ya wenzao waliokosa. Mwenye kusubiri mpaka apate marehemu asiye na doa, ndipo amwombee, hataomba kamwe.

Burundi yenyewe inao mfano ulio karibu zaidi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, waasi waliivamia Seminari Ndogo ya Buta, katika jimbo la Bururi, kusini mwa nchi. Wanafunzi waliamriwa wajitenge, Wahutu upande mmoja, Watutsi upande wa pili. Walikataa. Vijana arobaini waliuawa. Leo wamelala pamoja katika ardhi ya seminari, na mwaka 2019 Kanisa lilianza rasmi kuchunguza kama wastahili kutangazwa wenye heri. Yawapasa wazazi wafikiri jambo hili: vijana wale hawakujifunza kukataa siku ile. Mtu hajifunzi kuogelea wakati mtumbwi umekwisha pinduka. Walikuwa wamezoea kula meza moja, kulala bweni moja, kusali sala moja, mpaka amri ya kutengana ikawa amri wasiyoweza kuitii.

Basi katika nyumba ya yule fundi, karatasi ya daftari ilikuwa nayo imeanza kuwatenga watu, huku upande mmoja, huko upande wa pili. Na aliyeshika kalamu alikuwa mtoto ambaye hakuwapo duniani wakati wa vita.

Baba alilala kidogo usiku ule. Kulipokucha, wengine wakitafuta viatu vyao, aliomba karatasi na kalamu. Aliandika mwenyewe, polepole, chini ya jina la mdogo wake. Mama alisogea akatazama begani pake.

“Baba watoto,” alisema, “mwishoni ni e, si i.”

Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuliandika jina la shemeji yake. Alifuta, akasahihisha, akamrudishia binti karatasi. Hapakuwa na maneno mengine, na asidhani mtu kwamba mambo yote yalikwisha hapo. Lakini kanisani karatasi ilifika na majina yote, na binti aliyeibeba alijua kwamba katika nyumba yao hakuna mfu wa kufichwa.

Ziko familia ambazo hata kaburi hazina. Mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipofukua makaburi ya halaiki karibu na mto Ruvubu, mkoani Karusi, kwa ajili ya waliouawa mwaka 1972, ilipatikana mifupa ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi walitambulika kwa nguo, kwa miwani, na kwa rozari walizokuwa nazo. Kwa miaka 48 watu wao walikuwa hawana mahali pa kuweka ua. Familia ya namna hiyo isijione imenyimwa siku yake. Jina linaloandikwa na mkono wa mtoto laweza kuwa kaburi kwa asiye na kaburi.

Walio katika majeshi na polisi wanalo jambo la kuongeza. Baada ya Arusha, jeshi liliundwa upya, na waliopigana pande mbili wakalala katika kambi moja na kula chakula cha sufuria moja. Kisha, tangu Desemba 2007 na kwa miaka mingi baadaye, vikosi vya Burundi vilipelekwa Somalia, ambako mtu hakuweza kuchagua nani amlinde mgongo. Askari aliyeishi hivyo anayo elimu ambayo nyumba yake inaihitaji. Arudipo likizo, asiiache kambini.

Yafaa basi wazazi wayazingatie machache. Kwanza, karatasi ya majina iandikwe na familia nzima, baba na mama wakiwapo wote wawili, na kila mmoja aulizwe wa kwao. Pili, mtoto akiuliza fulani alikufaje, ajibiwe ukweli kwa kadiri ya umri wake, bila matusi kwa upande wowote. Anayenyimwa jibu nyumbani hulipata barabarani, na jibu la barabarani aghalabu huwa na sumu ndani yake. Tatu, kama baba au kaka yuko zamu siku hiyo, atajwe katika sala ya mezani na awekewe sahani yake, ili wadogo waone kwamba asiyekuwapo hajasahauliwa. Nne, gharama isiwe kisingizio. Anayeshindwa kununua nyama hajashindwa kuadhimisha. Karatasi ya daftari haina bei kubwa.

Yako pia majina ya walio hai. Jirani ambaye hamjasalimiana tangu mwaka jana, wifi aliyekosana na mama kwa ajili ya kiwanja, mtoto wa kwanza aliyehama kwa hasira: hao nao watajwe jioni ya sikukuu. Ni vigumu kumwombea mtu leo na kumpita kesho njiani kama mti.

Watoto watasahau mahubiri, na wali wa sikukuu utaliwa uishe. Watakachokumbuka ni nani aliyetajwa nyumbani kwao na nani aliyeachwa. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aliyelelewa katika nyumba inayowaombea wote, siku atakayoamriwa kujitenga na mwenzake atajua la kujibu.