Mpira Umetoka au Umeingia? Tuamue Wenyewe

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii tumeiandikia insha tangu shule ya msingi, tukaikariri mpaka ikawa kama wimbo. Lakini hebu niulize, ndugu msomaji: ni nani hasa anayeamua kwamba fulani ameshindwa? Katika kandanda ni refa. Katika mtihani ni mwalimu na kalamu yake nyekundu. Uko mchezo mmoja ambao, pasipo na refa, sheria yenyewe humtaka mchezaji atamke kwa kinywa chake, "Hapa umenipata." Mchezo huo ni tenisi, na kwa maoni yangu umechelewa sana kufika shuleni kwetu hapa Garsen.

Najua wengine wameshaanza kucheka. "Tenisi? Si huo ni mchezo wa mabwana wa Nairobi wavaao kaptula nyeupe?" Tulieni jamani, swali hilo nitalijibu. Nataka kwanza nianzie mbali, halafu nije nyumbani.

Mwaka wa 2017, shirika la ATP, ambalo husimamia tenisi ya kulipwa ya wanaume duniani, lilianzisha mashindano ya vijana katika mji wa Milan, Italia. Jina lake ni Next Gen ATP Finals. Walioalikwa walikuwa vijana wanane wenye umri wa miaka 21 kurudi chini. Tangu 2024 kikomo ni miaka 20. Mwaka wa 2023 mashindano yalihamia Jeddah, Saudi Arabia. Msiyadharau kwa kuwa ni ya vijana. Jannik Sinner aliyashinda mwaka wa 2019 na Carlos Alcaraz mwaka wa 2021, na wote wawili baadaye wakawa namba moja duniani. Mwaka wa 2024 kikombe kilichukuliwa na João Fonseca wa Brazil, akiwa na miaka 18. Yaani ni rika letu kabisa, mtu ambaye hapa kwetu angekuwa anangojea matokeo ya kidato cha nne.

Mashindano hayo huchezwa ndani ya jumba, juu ya sakafu ngumu. Ndani ya jumba hakuna upepo wa kuusukuma mpira, hakuna jua la kumpiga mtu machoni, wala mvua ya kuwakimbiza watazamaji. Sakafu nayo ni sawa kila mahali, mpira huruka vile vile leo na kesho. Lakini sakafu ngumu ina neno moja: mpira ukianguka, kwa kawaida hauachi alama ya kutegemewa. Kwenye uwanja wa udongo mtu huweza kuinama akaonyesha, "Tazama, alama hii hapa." Kwenye sakafu ngumu utaonyesha nini? Mpira umekwenda kasi kuliko gari, umegusa chini kufumba na kufumbua, na mmoja anasema umeingia, mwingine anasema umetoka.

Kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa ni kuwaweka watu kando ya uwanja, kila mmoja akiulinda mstari wake kama askari wa zamu. Pale Milan mwaka wa 2017 watu hao waliondolewa. Mahali pao paliwekwa kamera zilizounganishwa na kompyuta, na mpira ukitoka ilisikika sauti iliyorekodiwa ikisema, "Auti!" Akabaki mwamuzi mmoja tu kwenye kiti chake kirefu. Jambo lililoanza kama majaribio ya vijana likaenea. ATP ikaamua kwamba kuanzia 2025 mitambo hiyo itumike katika mashindano yake yote, na mwaka huo huo hata Wimbledon, wazee wa mila, waliwaaga waamuzi wao wa mistari.

Mimi sina ugomvi na mitambo hiyo. Mtu anayecheza ili alipe kodi ya nyumba ana haki ya kuamuliwa kwa usahihi. Ila tusidhani kwamba mashine imemaliza kazi ya binadamu. Julai 2025, hapo hapo Wimbledon, katika mchezo wa Anastasia Pavlyuchenkova wa Urusi na Sonay Kartal wa Uingereza, mpira ulitoka nje waziwazi na mtambo ukanyamaza kimya. Kumbe kuna mtu alikuwa ameuzima kwa makosa katika sehemu ile ya uwanja! Pointi ikarudiwa, Pavlyuchenkova akalalamika kwamba amedhulumiwa. Uwanja mzima ulikuwa umejaa macho, lakini macho yote yalikuwa yamezoea kungoja mashine iseme.

Sasa tuje kwenye ile tenisi nyingine, ya wasio na kamera. Duniani kote, vijana wanaojifunza hucheza bila mwamuzi, na sheria yao ni hii. Kwanza, kila mchezaji huamua mipira inayoanguka upande wake wa wavu. Pili, mpira ukiugusa mstari, hata kwa unywele, umeingia. Tatu, na hapa ndipo penye uhondo, ukiwa na shaka yoyote, pointi ni ya mwenzako. Huruhusiwi kusema, "Sijaona vizuri, basi ni yangu." Kama hukuona, umempa. Tena useme papo hapo na kwa sauti, usingoje kwanza uone kama pigo lako la kurudisha litafaulu.

Ndugu msomaji, isome tena sheria hiyo ya tatu, kisha itazame nchi yetu.

Sisi watu wa Tana River tunaishi katikati ya mistari. Uko mpaka wa shamba la mpunga na shamba la jirani. Iko malka, njia ya ng'ombe kushukia mtoni, na pembeni yake pana migomba ya mtu. Uko mstari ambapo maji ya mafuriko hukoma. Na mistari yenyewe haitulii. Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, na huku chini karibu na bahari una tabia ya kuhama. Mahali babu alipopanda mwembe leo panaweza kuwa katikati ya maji. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya masika ya 2024 yalipita juu ya mashamba na malisho bila kumwuliza mtu ni ya nani. Maji yakipungua, huyu husema mpaka ulikuwa hapa, yule husema ulikuwa pale. Nani atazileta kamera za Milan huku kwetu?

Tunajua sote shaka ya namna hiyo inaweza kufika wapi. Mnamo tarehe 22 Agosti 2012, pale Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa katika siku moja, wengi wao wanawake na watoto. Kufikia mwanzo wa 2013, delta hii ilikuwa imezika watu zaidi ya mia moja, Wapokomo na Waorma, na polisi pia. Wengi wetu tunaosoma hapa tulikuwa wachanga wakati huo, lakini tumekua tukisikia majina ya vijiji yakitajwa kwa sauti ya chini. Sababu zilikuwa nzito: ardhi, maji, malisho, na siasa za uchaguzi uliokuwa unakaribia. Mimi si mtoto wa kudanganya watu kwamba raketi mbili na mpira zingeyazuia hayo. Lakini nasema hivi: mtu hawezi kujifunza kumpa mwenzake haki ya shaka siku ambayo tayari ameshika rungu. Sharti awe amejifunza zamani, katika jambo dogo, mahali ambapo kukosa ni pointi moja tu. Samaki mkunje angali mbichi.

Mtu ataniuliza, "Kwani kandanda haitoshi?" Kandanda naipenda, na Jumamosi mtanikuta pale pale uwanjani nikishangilia. Ila tuseme kweli. Katika kandanda tumezoea kumwachia refa dhamiri zetu. Mpira umegusa mkono wako, unajua, lakini unatazama pembeni kama mtu asiyejua lolote. Refa asipoona, wenzako wanakupongeza eti wewe mjanja. Refa akiona, mashabiki wanasema amehongwa. Ukweli unakuwa kazi ya mtu mwingine, na lawama pia. Katika tenisi ya bila mwamuzi huna pa kujificha. Wewe ndiwe mchezaji na wewe ndiwe hakimu wa mwenzako, na dakika moja baadaye yeye ndiye hakimu wako. Ukimdhulumu upande huu wa wavu, mpira utaanguka upande wa pili.

Mwingine atasema, "Basi mwongo ndiye atakayeshinda kila siku." Huenda akashinda siku ya kwanza. Ila sisi hapa tunalala bweni moja na kula sufuria moja. Mwongo atajulikana kabla ya wiki kwisha, na akijulikana nani atakubali kucheza naye? Njia ya mwongo ni fupi, tena mita 23.77 tu, maana huo ndio urefu wa uwanja wa tenisi.

Sasa lile swali la mabwana wa Nairobi. Ni kweli raketi ni ghali, na ni kweli mchezo huu uliletwa na Waingereza wakaufungia ndani ya klabu zao. Lakini mlango ulifunguka siku nyingi. Paul Wekesa alizunguka dunia akicheza tenisi ya kulipwa katika miaka ya 1980 na 1990, akiwa Mkenya halisi. Juzi juzi tumemwona Angella Okutoyi, msichana aliyelelewa na nyanya yake Nairobi. Mwaka wa 2022 alishinda kombe la Wimbledon la wasichana wawili wawili, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, na mwaka wa 2024 akatuletea dhahabu kutoka Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, Ghana. Hao hawakuzaliwa na raketi mkononi.

Na sisi hatuhitaji jumba la Jeddah ili tuanze. Pana sehemu nyuma ya madarasa ambapo ardhi ina mchanga kidogo na haipasuki wakati wa kiangazi kama ule udongo mweusi wa mabondeni. Tuipime, mita 23.77 kwa 8.23 kwa mchezo wa watu wawili, au upana wa mita 10.97 kwa mchezo wa watu wanne. Mistari tuichore kwa chokaa. Wavu tuuombe kwa wavuvi, maana hawakosi nyavu kuukuu, nasi tuufunge kwenye miti miwili, kimo chake kikaribie mita moja. Raketi zikikosekana, fundi seremala atukatie vibao. Mipira ndiyo ya kununua, na mipira sita yatosha kwa muhula. Na kwa vile uwanja wetu utakuwa wa vumbi, mpira utaacha alama, jambo ambalo matajiri wa sakafu ngumu hawana! Mkibishana, mtasogea mkainama pamoja, vichwa viwili juu ya alama moja. Hata hilo pekee ni somo.

Kwa hivyo natoa mapendekezo matatu kwa mwalimu wa michezo na kwa viranja wetu. La kwanza, tuanze na mchezo wa wawili wawili, na jozi zichanganywe: wa Ngao acheze na wa Tarasaa, wa kutoka mashambani acheze na wa kutoka manyattani, wala mtu asichague mwenzi wa kijiji chake. La pili, mwaka wa kwanza pasiwe na kikombe, kwa sababu kikombe humfanya mtu aone mpira umetoka hata kabla haujaanguka. La tatu, mwalimu asiwe refa. Naomba akae kivulini atazame tu, hata tukigombana kidogo, mpaka tujifunze kuyamaliza wenyewe. Huenda hili la tatu likawa gumu kwake kuliko kwetu.

Nakiri kwamba jua la Garsen litatuchoma na upepo wa alasiri utaichukua mipira yetu mpaka jikoni kwa wapishi. Siku moja, Mungu akipenda, serikali ya kaunti au wahisani watatujengea jumba lenye paa na sakafu ngumu, na hapo tutacheza hata masika. Likija, tutashukuru. Lakini kamera hatutaziomba. Vijana wa Milan na Jeddah wanazihitaji kwa kazi yao. Sisi kazi yetu ni nyingine, nayo ni kukaa pamoja kando ya mto mmoja ambao haujui mpaka wa mtu.

Wenzangu, tukimaliza masomo tutarudi vijijini kwetu, wengine mashambani, wengine machungani, wengine ofisini Hola. Siku itafika ambapo mpaka utabishaniwa, wazee watanyamaza, na macho yote yatageukia kwetu sisi tuliosoma. Siku hiyo napenda awepo mtu mmoja katikati yetu aliyezoea kusema bila kulazimishwa, "Sikuona vizuri. Chukua wewe."