Shaba ya Kinsevere ianzie kwa mwalimu wa fizikia

Kilometa 30 hivi kaskazini ya Lubumbashi, kwenye mgodi wa Kinsevere, umeme unafanya kazi usiku na mchana. Mawe yanasagwa, yanalowekwa katika asidi, shaba inaingia ndani ya maji. Kisha umeme unapitishwa katika matangi, na shaba safi inajibandika juu ya mabamba. Kila tangi linahitaji volti 2 hivi tu. Kiwanda hicho, kilichoanza kutoa shaba mwaka 2011, kilijengwa kwa uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka.

Yote hayo ni masomo ya fizikia na kemia. Lakini katika mashule mengi ya Haut-Katanga, mtoto anajifunza umeme kwa kuandika maneno ambayo mwalimu anasoma polepole kutoka daftari la zamani. Anaijua fomula ya Ohm kwa kichwa, bila kuwahi kuunga nyaya mbili. Anapita mtihani, na kisha fomula inapotea.

Tusimlaumu mwalimu haraka. Naye alifundishwa hivyo hivyo. Mtu ambaye hajawahi kushika ampea-mita anaogopa maswali. Mtoto akiuliza kwa nini balbu mbili zilizofuatana zinawaka kidogo kuliko moja, mwalimu anajibu: «Hiyo utaisoma mwaka ujao.» Woga wa mwalimu unakuwa ukimya wa darasa, na ukimya huo unamfundisha mtoto kwamba fizikia si ya watu kama yeye.

Hasara yake ni kubwa. Mgodi wa leo unataka mafundi wa umeme, wa pampu, wa mashine za kupima. Kijana aliyekosa msingi wa fizikia hafiki kwenye mlango huo. Kwake zinabaki kazi za ulinzi, kubeba mizigo, au kuchimba kwa mikono. Katanga inayeyusha shaba katika viwanda tangu mwaka 1911. Baada ya zaidi ya miaka 100, haifai watoto wa hapa waijue shaba kwa jina na vumbi tu.

Watu watasema: tungoje laboratwari. Hapana. Chukua mawe mawili ya tochi, nyaya, balbu ndogo: somo la mkondo wa umeme limeanza. Chukua tena vipande viwili vyeusi vya ndani ya penseli, uviingize katika maji yenye salfati ya shaba, na uviunge kwenye mawe hayo. Baada ya dakika chache, kipande kilichoungwa upande wa hasi kinakuwa chekundu. Ni shaba! Mwalimu mwenyewe ashike dawa hiyo, maana ni sumu. Ampea moja ikipita saa moja inaleta karibu gramu 1.2 za shaba. Mwanafunzi anaweza kupiga hesabu hiyo, na mhandisi wa Kinsevere anaanza na hesabu hiyo hiyo.

Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha mwalimu, na nafasi ya kujaribu mbele ya wenzake kabla ya kusimama mbele ya watoto 60. Ujasiri wa kufundisha hautoki kwenye hotuba ya semina. Unatoka kwa kuunga waya vibaya, balbu ikakataa kuwaka, na kutafuta sababu mpaka iwake.

Pesa ya kuanzia inaweza kupatikana. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayozunguka mgodi. Tena asilimia 15 ya ushuru wa madini inaenda kwa eneo ambamo mgodi upo. Mara nyingi tunapenda kuona pesa hizo katika kuta na mabati. Shule mpya ni jambo zuri, lakini ukuta haujibu swali la mtoto.

Basi pendekezo ni hili. Katika cahier des charges kuwe na mstari wa mafunzo ya walimu wa fizikia. Kila Agosti, kabla ya masomo kuanza, walimu wa mashule ya karibu na mgodi wakutane juma zima na wakufunzi wa ISP ya Lubumbashi, inspekta, na wahandisi wawili au watatu wa mgodi. Kila mwalimu arudi na sanduku la vifaa alivyovitumia mwenyewe. Kisha wakutane mara moja kwa mwezi, maana semina isiyofuatiliwa inaisha na cheti.

Kuna hoja ya mshahara, na ni ya kweli: mwalimu mwenye njaa hawezi kutumika vizuri. Serikali ilipe, na ilipe kwa wakati. Lakini mshahara peke yake haumpi mtu ujuzi ambao hakuupata alipokuwa mwanafunzi. Mambo hayo mawili yaende pamoja.

Machifu, wazazi na wajumbe wa kamati za maendeleo: siku mtakapokaa tena na kampuni kupanga miradi, msiulize tu madarasa mangapi yatajengwa. Muulize pia ni walimu wangapi watakaoingia humo bila kuogopa swali la mtoto.