Modemu Isiwe Fumbo kwa Shule Zetu

Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ikipitia hapa Muhoroni ina upana wa milimita 1,000. Ile iliyozinduliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi ina upana wa milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kutembea juu ya nyingine, hata likiwa zima namna gani.

Walimu wengi hudhani kwamba kompyuta ya Linux na modemu ya intaneti zina uhasama wa aina hiyo. Mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, hautozwi ada ya leseni, na baadhi ya matoleo yake huendesha hata kompyuta kuukuu. Kwa shule isiyo na fedha, hiyo si neema haba. Hata hivyo, modemu niliyoinunua mimi ilikuja na kijitabu kilichotaja Windows peke yake, naye muuzaji akanijibu kwamba Linux "haikubali".

Kwa jicho la mwanaisimu, jibu hilo halina mashiko. Mashine huelewana kwa itifaki kama watu wanavyoelewana kwa sarufi. Amri zinazotumiwa na modemu nyingi za USB zina asili yake katika modemu ya Dennis Hayes ya mwaka 1981, na tangu hapo zimeigwa na watengenezaji wengi. Linux inazijua barabara. Kikwazo kipo mlangoni: modemu nyingi za aina hiyo zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama diski yenye programu za Windows, na hazigeuki kuwa modemu mpaka zipewe amri maalumu. Programu ya bure iitwayo usb_modeswitch ndiyo itoayo amri hiyo, nayo inapatikana katika matoleo mengi ya Linux. Baada ya hapo, mtumiaji huandika jina la APN la kampuni yake ya simu, akaunganishwa.

Anayenunua leo ana njia nyepesi zaidi. Achague kifaa kinachounganishwa kwa waya wa Ethernet, kwani hicho hakiulizi kompyuta inaendeshwa na mfumo gani.

Maarifa basi yapo; yanayokosekana ni maelezo katika lugha yetu. Wala asiseme mtu kwamba Kiswahili hakiwezi. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Hapana budi kampuni zinazotuuzia modemu ziandike maagizo ya Linux pia. Nao walimu wa kompyuta wakae pamoja na wale wa Kiswahili, wawaongoze wanafunzi kuandika hatua hizi kwa ufasaha na kuzibandika ukutani. Mwanafunzi anayezoeshwa kubofya programu moja tu hufunzwa kuwa mteja. Anayeelewa kwa nini modemu imekataa, na akaweza kumweleza mwenzake, huyo ndiye aliyeelimika.