Akili ya Ndege

Siku moja nilimkaripia mwanafunzi aliyesahau somo lake: «Una akili ya ndege!» Leo nakiri ya kuwa niliwakosea wote wawili, mtoto na ndege.

Huko Marekani yuko ndege wa jamii ya kunguru, mwenye manyoya ya buluu, afichaye chakula ardhini. Mwaka 1998 wataalamu Nicola Clayton na Anthony Dickinson walieleza jinsi walivyompa mabuu, ambayo huyapenda sana, na karanga. Alikwisha kujifunza ya kuwa mabuu huoza upesi. Zilipopita saa 4, alifukua mabuu. Zilipopita saa 124, aliyaacha, akafukua karanga. Basi alikumbuka ameficha nini, wapi, na tangu lini. Mwaka 2007 ikaonekana ya kuwa jioni huweka akiba katika chumba kile alichozoea kunyimwa chakula asubuhi.

Na kasuku wetu wa kijivu? Mwaka 2012 ilielezwa ya kuwa, akiwekewa visanduku viwili, kikatikiswa kile kitupu tu, yeye huchagua cha pili: kimya kimemfahamisha chakula kiliko.

Je, tofauti yetu ni nini? Ndege hukumbuka alipoficha chakula. Mtu aweza kukumbuka kosa lake, kutafuta chanzo chake, na kuazimia kutolirudia. Kwa hiyo nilimwomba mtoto yule radhi mbele ya wenzake. Enyi wazazi na walimu, tusimtukane mtoto kwa jina la kiumbe ambacho Muumba amekijalia akili.