Bumbire Inataka Doria, Si Msako

Mgombea urais akisimama Muleba au Kyaka na kuahidi kwamba mipaka italindwa, atapigiwa makofi, na wanaompigia hawastahili kuchekwa. Kagera ndiyo sehemu ya Tanzania iliyowahi kutekwa na jeshi la nchi jirani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka, yakashika eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera, karibu kilomita za mraba 1,800, yakavunja daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo sasa ni yake. Vita vilikwenda mpaka Kampala ikaanguka Aprili 1979. Miaka kumi na mitano baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia Rwanda. Ikafuata miaka ya ujambazi wa bunduki za kivita, na mabasi yaliyokuwa yakipita misitu ya Biharamulo yakawa hayaondoki bila askari wa kuyasindikiza. Mtu aliyepitia hayo, au aliyelelewa na waliopitia, hawezi kuambiwa kwamba habari za mpaka ni porojo za kampeni.

Kwa hiyo nakubali tangu mwanzo kwamba mpaka ni sababu halali ya kumpa mtu kura, kama zilivyo bei ya kahawa na barabara ya lami. Ninachokataa ni kuitoa kura hiyo kabla ya kuuliza inanunua nini. Chini ya jina moja la ulinzi wa mpaka wanasiasa huuza bidhaa mbili zisizofanana: doria na msako. Doria humkabili anayevuka. Msako huwaendea waliokwisha kukaa. Doria hula mafuta, maboti na mishahara mwaka hadi mwaka, tena gizani, mahali ambapo hakuna kamera. Msako huchukua wiki chache, hujaza malori mchana kweupe na kutoa picha nzuri za magazetini. Wananchi wa visiwa vya Muleba, yaani Bumbire, Kerebe, Ikuza, Goziba na vingine, wanahitaji ile ya kwanza. Kagera kwa jumla imeletewa zaidi hii ya pili.

Tutazame mpaka wenyewe ulivyo ukiwa Bumbire. Hauna geti wala kizuizi. Ni mstari wa nyuzi moja kusini mwa ikweta, uliochorwa Ulaya wakati Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakigawana nchi, nao uko kaskazini, zaidi ya kilomita 60 juu ya maji. Ziwa lote lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Tanzania ina asilimia 51, Uganda 43 na Kenya 6. Mvuvi wa sangara hutega nyavu zake jioni na kulala nazo majini. Akitokea mtu mwenye boti la kasi na bunduki, haijalishi ametoka Uganda, Kenya au mwalo wa jirani: atachukua injini, nyavu, samaki na simu, na wale waliomo kwenye mtumbwi wataachwa wapige kasia mpaka kuche, wakiwa bado na deni la tajiri aliyewapa vifaa. Malalamiko ya namna hii yamesikika kwenye mialo ya ziwa hili kwa miaka mingi. Kwa huyo mvuvi ulinzi wa mpaka maana yake ni boti la polisi lenye mafuta, namba ya simu inayopokelewa saa nane usiku, na askari anayelala kisiwani badala ya kuja kwa ziara. Ni makubaliano pia ya nchi tatu kuhusu nani amfuate mwizi akishavuka mstari. Asasi ya uvuvi ya Ziwa Victoria iliundwa na nchi hizo mwaka 1994 na ofisi yake ikawekwa Jinja, lakini kazi yake ni samaki, haikuundwa kukamata majambazi.

Atakayedhani ninatia chumvi kuhusu uhaba wa vyombo na akumbuke asubuhi ya Novemba 6, 2022. Ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa makao makuu ya mkoa. Ilikuwa na watu 43, wakafa 19. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Taifa liliwasifu, na sifa walistahili, lakini habari ile ilikuwa pia ripoti ya hali ya ulinzi wa maji yetu: kama pembeni ya mji mambo yalikuwa hivyo, kuhusu Bumbire na Goziba hakuna haja ya kuuliza. Miezi minne baadaye, Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba Vijijini. Walithibitika au kudhaniwa kuugua watu tisa, na sita walifariki. Mgonjwa wa kwanza alikuwa amesafiri kutoka kisiwa cha Goziba. Virusi haviulizwi paspoti, na mlango vilioupitia ulikuwa gati ya kawaida ambayo hakuna anayepima joto la abiria. Katika mikutano ya hadhara niliyowahi kuisoma au kuisikia, sijaona mgombea anayeutaja mlango huo anapoahidi kuifunga mipaka.

Kwa nini hawautaji? Jibu moja liko katika historia ya kura zetu wenyewe. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi viliporejeshwa, Augustine Mrema aliinuka kama mgombea wa usalama kuliko yeyote aliyemtangulia au kumfuata. Alikuwa amewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mtu wa sungusungu, wa kupambana na majambazi na magendo, wa kutoa amri na siku saba za kuitekeleza. Alipohamia NCCR-Mageuzi, watu wa chini walisukuma gari lake kwa mikono yao. Alipata karibu asilimia 28 ya kura bila dola wala fedha za kutosha nyuma yake, na hayo si mapenzi ya kununuliwa. Lakini kilichopendwa kwa Mrema kilikuwa kishindo: mkubwa anayefika, anayeamrisha, anayeonekana. Siku ya saba ikipita, ni nani aliyerudi kuangalia kama kituo cha polisi kina mafuta? Wanasiasa wote walijifunza kwake, wakiwemo waliomshinda, kwamba kwenye usalama mwananchi hulipa papo hapo kwa kitendo kinachoonekana na husahau kuuliza kinachodumu.

Julai 2013, akiwa ziarani Kagera, Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili za kuondoka. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika Kagera, Geita na Kigoma. Haikuwa kampeni ya uchaguzi, lakini ilitokana na kiu ileile ya wananchi, na ilikuja wakati uhusiano wetu na Rwanda ulikuwa umechacha baada ya Kikwete kumshauri Kagame, mwezi Mei, azungumze na waasi wa FDLR. Majambazi wengine walikamatwa na silaha zikapatikana, hilo lisifichwe. Lakini miongoni mwa maelfu waliovushwa mpaka walikuwamo watu walioishi hapa miongo kadhaa, wenye wake au waume Watanzania, na watoto wasiojua kijiji kingine. Ng'ombe na mashamba vilibaki nyuma, na si vyote vilivyohesabiwa. Ziwani hakikubadilika kitu.

Bumbire ingefaa kuwa ya mwisho kushangilia adhabu ya jumla, maana ilishaionja. Aprili 1875 Henry Morton Stanley alitia nanga kisiwani, wenyeji wakamzuia na kumnyang'anya makasia, akaponyoka. Agosti alirudi na mitumbwi mingi na bunduki, akawapiga risasi watu waliosimama ufukweni akiwa mbali na mishale yao. Kwa hesabu yake mwenyewe waliuawa zaidi ya 30. Hakutafuta aliyechukua makasia. Kwake kila aliyesimama ufuoni alikuwa Bumbire, na Bumbire ilikuwa na hatia. Hata Uingereza ya wakati ule ilikuwa na watu waliomlaani.

Msako una ubaya mwingine: mipaka yake yenyewe haijulikani. Ukishaanza kuuliza nani ni mwenzetu, swali halikomei kwa mchunga ng'ombe wa Karagwe. Februari 2001 serikali ilitangaza kwamba mwandishi Jenerali Ulimwengu si raia, na pamoja naye Anatoli Amani, aliyekuwa mwenyekiti wa CCM mkoani humu. Mwenyekiti wa chama tawala! Baadaye Amani huyohuyo akawa meya wa Bukoba. Kwa wasio na majina makubwa swali hilo huulizwa kila siku kwenye foleni ya kitambulisho cha NIDA: mikoa ya mpakani huchujwa zaidi, vitambulisho huchelewa, na tangu laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, asiye na namba ya NIDA hana laini ya jina lake wala akaunti ya kutumiwa fedha za dagaa. Na Mei 2025, siku chache baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuviagiza vyombo vya usalama visiwape nafasi wanaharakati wa nje, mwanaharakati Mganda Agather Atuhaire, aliyekwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu, aliachwa usiku mpakani Mutukula, akasema aliteswa. Mtu mmoja mwenye paspoti yake halali alijulikana alipo, akafikishwa hadi mpakani. Maboti ya kuwafuata wezi wa injini yanasubiriwa bado.

Nitaambiwa: basi unataka wasio na vibali waachwe. La. Sheria ya uhamiaji ipo na ifuatwe, ila ifuatwe kwa mtu mmojammoja, kwa jalada lake na nafasi ya kujitetea. Hilo linawezekana. Mwaka 2014, mwaka mmoja tu baada ya Kimbunga, serikali ileile ilikamilisha kuwapa uraia Warundi 162,156 waliokimbilia kwetu mwaka 1972 na watoto wao. Walihesabiwa, wakahojiwa, wakaandikwa. Serikali iliyoweza kazi hiyo haiwezi kudai kwamba kwa mhamiaji wa Kagera njia pekee ni lori.

Wapo watakaosema pia kwamba hatari haisubiri majalada, na Amin hakusubiri. Ni kweli, lakini Amin aliingia na vifaru, akakabiliwa na jeshi. Hoja ya 1978 inaunga mkono doria, macho na habari za mapema. Haimgusi mama lishe wa mwaloni ambaye bibi yake alizaliwa Bukavu. Tena habari za mapema hutoka kwa watu wa mpakani wenyewe. Ukimfanya mkazi aogope sare, anapoona boti geni usiku atanyamaza. Nchi nyingine zimeliona hilo. Kenya, Aprili 2014, ilikusanya maelfu ya Wasomali wa Eastleigh katika uwanja wa Kasarani. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2015, watu 148 waliuawa na magaidi Chuo Kikuu cha Garissa. Wanaotaja ukuta wa Marekani kama mfano wa kuigwa waeleze kwanza watajenga kwa matofali gani katikati ya Ziwa Victoria.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi ni la mwisho: kwamba kura za visiwani ni chache, na hakuna mgombea atakayebadili sera kwa ajili ya Bumbire. Kwenye sanduku la kura huenda ni kweli. Lakini safari ya urais katika nchi hii haianzii kwenye sanduku. Sheria inamtaka mgombea alete wadhamini wasiopungua 200, wapiga kura walioandikishwa, kutoka kila mkoa katika mikoa isiyopungua kumi, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar. Hapo ndipo uungwaji mkono wa watu wa chini una bei, kwa sababu mgombea ndiye anayekuja kuomba. Fomu hizo kwa kawaida hujazwa haraka, kwa urafiki wa chama, na mdhamini hapati hata nafasi ya kuuliza swali.

Fomu za 2030 zikifika Muleba, wadhamini wa visiwani waulize kabla ya kutia saini. Maboti mangapi ya doria yatakaa visiwani, na mafuta yake yako kwenye fungu gani la bajeti? Nani atapima afya za abiria wa Goziba? Aliyezaliwa Bumbire atangoja NIDA kwa muda gani? Mvuvi akiibiwa upande wa Uganda, kesi yake itafunguliwa wapi? Anayejibu kwa hesabu apewe saini, awe wa chama chochote. Anayejibu kwa kutaja wageni aombe kwingine.