Lubumbashi: Mbwa mkali lupangoni, nani atajibu akiuma?

Kwenye milango ya chuma ya mitaa ya Golf na Bel-Air, mjini Lubumbashi, maneno yanayosomeka mara nyingi si jina la mwenye nyumba. Ni "Chien méchant", yaani mbwa mkali, na pengine kichwa cha mbwa kimechorwa kando. Wizi wa usiku umewasukuma wakaaji wenye uwezo kupandisha ukuta, kisha kuweka waya, kisha kutafuta mbwa. Na hawatafuti tena mbwa wa kawaida wa mtaani. Wanataka berger allemand, rottweiler, au boerboel wa Afrika Kusini, nchi isiyo mbali sana kwa anayepitia Kasumbalesa.

Hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa kutaka kulala usingizi. Lakini mbwa hawa wananunuliwa kama vile mtu anavyonunua kufuli, na hapo ndipo shida inapoanza.

Boerboel alizalishwa na wakulima ili alinde shamba lililo mbali na jirani yeyote. Dume aliyekomaa hufikia kilo 70, wakati mwingine zaidi. Hahitaji kufundishwa ukali. Anachohitaji kufundishwa ni kinyume chake: kujua nani si adui, na kuacha anapoambiwa aache. Kazi hiyo ina wakati wake. Wataalamu wa tabia za mbwa wanasema kati ya wiki ya tatu na takriban wiki ya 14 ya maisha yake, mtoto wa mbwa hujifunza vitu vya kawaida vya dunia ni vipi: watoto wanaokimbia, mwanamke aliyebeba beseni kichwani, mpita njia, pikipiki. Asichokiona wakati huo, baadaye anaweza kukiogopa, na mbwa mwenye nguvu anayeogopa ni hatari kuliko mbwa mwenye hasira.

Kwetu tunafanya nini? Tunamfungia kibandani mchana kutwa na kumfungulia usiku, ili "asizoee watu". Wengine wanamlisha pilipili wakiamini itamfanya mkali. Pilipili inamuumiza tumbo, basi. Mnyororo nao haufundishi ulinzi. Unamzoeza mbwa kuona kila anayekaribia kama mtu anayekuja kumdhuru mahali asipoweza kukimbilia.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Katika nyumba nyingi, mtu pekee anayemjua mbwa ni zamu. Ndiye anayempa chakula, ndiye anayemfungulia. Mwenye nyumba mwenyewe anapita mbali. Mwandishi wa mistari hii aliwahi kufika kwa mtu mmoja na kungojea nje karibu saa nzima kwa sababu zamu alikuwa ameenda sokoni, na baba wa nyumba, aliyemlipia mbwa huyo dola nyingi, hakuthubutu kutoka barazani. Tulicheka. Lakini zamu analipwa kidogo, na anayelipwa kidogo haishi kutafuta kazi nyingine. Siku akiondoka, lupango linabaki na mnyama wa kilo 70 asiye na bwana. Zamu mpya anaanza kazi usiku huohuo, bila hata siku moja ya kuzoeana naye. Wa kwanza kuumwa anaweza kuwa yeye.

Mbwa aliyefundishwa vizuri ni mtulivu kuliko tunavyodhani. Anabweka mgeni anapofika, anasimama kati yake na mlango, anakaa chini akiamriwa. Hali nyama iliyotupwa juu ya ukuta, na hili wezi wanalijua, maana sumu ndiyo silaha yao ya kwanza dhidi ya mbwa. Kazi kama hiyo si ndoto hapa Congo. Hifadhi ya Virunga imekuwa na kikosi cha mbwa wanaofuata nyayo za majangili, na kila mbwa huko hufanya kazi na askari anayemfahamu. Mbwa na mtu wanafundishwa pamoja. Huku mjini tunamfundisha mbwa peke yake, tukimfundisha.

Wengi wanaamini Congo haina sheria juu ya mambo haya. Ipo, tena ya zamani. Kifungu cha 261 cha kitabu cha tatu cha kanuni ya kiraia, kinachotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema mwenye mnyama, au anayemtumia, anawajibika kwa madhara yaliyosababishwa na mnyama huyo, awe chini ya ulinzi wake, awe amepotea au ametoroka. Kwa hiyo maneno yaliyoandikwa mlangoni hayatoshi kumwondolea mtu deni, na kusema "alitoroka" si kujitetea. Anayekodi mbwa kutoka kampuni ya ulinzi afikirie vizuri hayo maneno "anayemtumia". Na mtu akijeruhiwa au kufa kwa uzembe, vifungu vya 52 hadi 54 vya kanuni ya adhabu vinahusu madhara yasiyokusudiwa.

Kinachokosekana ni hatua zinazotangulia kuumwa. Nchi nyingine zimejaribu njia mbili. Uingereza ilipiga marufuku aina nne za mbwa mwaka 1991, ikiwemo pit bull. Miaka zaidi ya 30 baadaye ililazimika kuongeza aina ya tano, XL Bully, ambaye tangu tarehe 1 Februari 2024 haruhusiwi kumilikiwa Uingereza na Wales bila cheti maalumu. Ufaransa nayo, kwa sheria ya mwaka 1999 iliyoongezewa nguvu mwaka 2008, inamtaka mwenye mbwa wa makundi yanayohesabiwa kuwa ya hatari, rottweiler akiwemo, awe na kibali, bima, chanjo, na cheti cha mafunzo yake yeye mwenyewe, si ya mbwa tu.

Njia ya pili ina akili zaidi, kwa maoni yetu. Ukikataza jina moja, wafugaji wanaleta jina jingine. Lakini tusijidanganye: komini ambayo haijui idadi ya mbwa wake haiwezi kesho kutoa vyeti vya mafunzo. Hicho kingegeuka karatasi nyingine ya kulipia dirishani.

Ingewezekana kuanza na chanjo. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59.000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne kati ya kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Mbwa wa ukutani anadhaniwa kuwa salama kwa sababu hatoki, kumbe mbwa wa mtaani anaingia chini ya mlango usiku. Anayeumwa anapaswa kuosha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha kwenda hospitali haraka kutafuta chanjo, ambayo haipatikani katika kila kituo cha afya. Familia ya mtoto ndiyo inayozunguka mji kuitafuta, na mara nyingi si familia ya mtaa wa Golf.

Komini ikimwomba kila mwenye mbwa mkubwa kadi ya chanjo ya mwaka pamoja na jina la mtu anayemwongoza mbwa huyo, daktari wa mifugo angekuwa na orodha, na mwathirika angekuwa na mlango wa kugonga. Kwa sasa anagonga, na anayejibu kutoka ndani ni mbwa.