Chuma cha Roketi Kikianguka Kwetu, Tuite Nani?

Wandugu vijana, tunajua wengine mtacheka. Nchi iko vitani, umeme unakatika kila siku, na sisi tunaleta masolo ya roketi! Ndiyo, tunaleta.

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, kule Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Mbele ya hapo, Mei 2020, mabaki ya roketi ya China, Long March 5B, yalianguka Côte d'Ivoire. Bomba moja lilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Mara zote mbili hakuna aliyekufa. Bahati tu.

Juu ya nini vinaanguka ovyo? Hapa njo penye hasira yetu. Roketi inaweza kubakizwa mafuta, injini ikawashwa tena, ikaelekezwa kwenye bahari tupu. Lakini hiyo inakula mafuta na pesa, na mzigo wa kubeba unapungua. Basi wanaiacha ijishukie yenyewe. Faida yao, hatari yetu. Na si maneno ya barabarani: mwaka 2022 watafiti walioongozwa na Michael Byers wa Kanada walipiga hesabu, wakaona vipande hivi vina uwezekano wa karibu mara 3 zaidi kuangukia latitudo za Jakarta, Dhaka na Lagos kuliko za New York, Beijing na Moscow. Angalieni ramani: ikweta inapita ndani ya Kongo.

Kuna mkataba wa kimataifa wa 1972: nchi iliyorusha inalipa hasara ya huku chini, hata kama haikufanya kosa. Ila katika mkataba huo si mwananchi anayedai, ni nchi yake. Satelaiti ya Wasovieti, Kosmos 954, ilipoanguka Kanada mwaka 1978, Kanada ilidai, na 1981 ikalipwa dola milioni 3 za kwao. Ilikuwa na Leta inayosimama.

Na sisi? Chuma kikianguka leo katika shamba la mama mmoja kule Kalemie, atamwita nani? Chifu? Polisi? Tunajua vizuri: mbele ofisa afike, kimeshakatwa, kimeshayeyushwa, kiko sokoni kinauzwa kama sufuria. Na tanki la roketi linaweza kubaki na hidrazini, sumu kali kabisa. Mtu atakuwa mgonjwa, na Leta haitakuwa hata na picha ya kuonyesha.

Tunataka serikali itaje ofisi moja na namba moja ya simu ya bure. Redio ziseme kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba: usiguse, piga picha, ita. Na huko Umoja wa Mataifa, wajumbe wetu wasimame na Kenya na Côte d'Ivoire kudai kwamba anayerusha ateremshe kwa mpango.

Kama uko na namba ya mbunge wako, mtumie swali hili leo: tuite nani? Jibu lake, hata kama ni kimya, tutumieni. Tutalitangaza.